Mbwa wa Nne

Juzi mwenzangu kazini, ambaye nyumbani kwake tayari ana mbwa wawili, aliniuliza kama naona ni busara aongeze wa tatu. Kijibwa chenyewe alikuwa amekileta, kimelala ndani ya boksi la biskuti chini ya meza yake, na chumba kizima kilinuka maziwa na manyoya yaliyolowa. Aliuliza kwa wepesi, kama mtu anayeuliza aongeze sukari au asiongeze. Mimi nikasimama. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Akaniuliza kama naogopa mbwa. Nikamwambia siogopi. Akaniuliza, basi nini? Nikarudi mezani kwangu, na siku hiyo sikuandika hata barua moja ya maana.

Chuo kikuu kilinifundisha nisikubali jambo mpaka nijue limetoka wapi. Basi nilikitumia kipimo hicho juu ya nafsi yangu. Kwa nini swali dogo namna ile liniondolee utulivu, mimi niliyekwisha kubishana na maprofesa na masheikh? Nimelifuata swali hilo kurudi nyuma, na limenifikisha Siyu, kwenye shamba letu la mahindi na tumbaku nje ya mji, mwaka ule baada ya Mama kufariki.

Nyinyi wa rika langu mliokulia visiwani hamhitaji kuelezwa kwamba kwetu mbwa haingii nyumbani. Ulimi wake ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mkono mkavu juu ya manyoya makavu hauna neno, lakini pakiwa na maji hapo kuna kazi. Sheria hizo nilizijua kabla sijajua kusoma saa. Vilevile nilijua kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa mawindo ameruhusiwa, kwa sababu ana haja. Baba alikuwa na watatu, na kila mmoja alikuwa na haja yake. Chokaa, mweupe, alikaa na mbuzi. Tumbaku, wa rangi ya jina lake, alifukuza kima waliokuja kuvunja mahindi. Wa tatu, jike mzee aliyeanza kuwa kiziwi, alilinda upande wa ua uliopakana na msitu wa mikoko, ambako nguruwe mwitu walipenda kupenya. Huyu Baba alimwita Hayawahusu. Alimpa jina hilo siku watu wa barazani walipomuuliza yeye, mtu wa ukoo unaoswali safu ya kwanza, anafuga mbwa kwa lipi. Kila alfajiri akimwita kwa sauti, mashamba yote ya jirani yalipata jibu lao.

Bibi, mama yake Mama, hakuwapenda lakini aliwavumilia. Nyumba tuliyokaa mjini ilikuwa yake. Kwa desturi yetu nyumba ni ya mwanamke. Baba aliingia humo siku ya harusi na sanduku moja la nguo, na Mama alipofariki, Bibi hakumwambia atoke. Wala Baba hakujifanya mwenyeji. Mbele ya Bibi alizungumza taratibu na kupiga hodi hata kwenye mlango uliokuwa wazi. Nadhani wawili hao walikuwa wakiogopana, kila mmoja akihofu mwenziwe ataanza kulia.

Kila Alhamisi baada ya Magharibi, Baba alikaa ukumbini akasoma Yasini, kisha akamwomba Mungu thawabu zake zimfikie Mama. Mara ya kwanza nilimuuliza Bibi zinamfikiaje. Bibi alikuwa akisuka ukili, na bila kuinua uso akaniambia, “Hicho ndicho chakula chake sasa, mwanangu.” Nikaridhika. Kilikuwa chakula, kilipikwa kwa kusomwa, na kilipelekwa Alhamisi. Nilimwona Mama akikaa akisubiri sahani yake kama sisi tulivyosubiri zetu.

Kisha akaja yule wa nne. Bwana Athmani, jirani yetu wa shamba, alikuwa na jike aliyezaa wanne. Watatu walichukuliwa na watu wa bara. Aliyebaki alikuwa jike, mweusi, mguu mmoja wa mbele mweupe kama aliyekanyaga unga. Bwana Athmani alimbeba ndani ya pakacha akamweka chini ya dungu letu, ule uchaga mrefu tuliokaa juu yake kulinda mahindi. Akamwambia Baba wazi kwamba hajaweza kumlisha mama ndipo alishe na binti; kama Baba hamtaki, atampeleka kwenye kisiwa cha mikoko amwache huko. Baba alimtazama yule kijibwa kwa muda mrefu. Kisha akasema aachiwe siku chache afikiri.

Mimi sikuhitaji kufikiri. Nilishuka dungu mikono ikiwa imefutwa vizuri kwenye gauni, nikamgusa kichwani. Alikuwa na joto la mkate uliotoka jikoni wakati huo huo. Nikamwambia Baba, huyu wetu. Baba akasema, “Tutaona.” Lakini alisema huku akitabasamu, na tangu Mama afariki tabasamu hilo nilikuwa nimeliona mara chache.

Jioni tulipokuwa tukipukuchua mahindi, Bibi akazipata habari hizo. Hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja tu.

“Omari, wale watatu kila mmoja ana kazi yake. Huyu wa nne ana kazi gani?”

Baba akasema bado hana. Akaeleza kwamba Hayawahusu anazeeka, kwamba mbwa hafundishwi na mtu kulinda ua, hufundishwa na mbwa mwenziwe, na kwamba mzee akifa kabla ya kumwonyesha mdogo, yale anayoyajua yatakwenda naye ardhini. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na azeeke, na akifa ndipo aletwe mwingine. Kufuga mbwa kwa kazi itakayokuja ni kufuga mbwa bila kazi. Akakumbusha kwamba mtu anayefuga mbwa pasipo haja hupungukiwa na kirati moja ya thawabu zake kila siku inayopita. Na kirati, akasema, tuliusikia wote ukubwa wake siku ya maziko, Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alipowaambia waliomsindikiza marehemu kwamba kila mmoja amepata kirati, nayo ni kubwa kama mlima. Baba aliinamisha kichwa. Akasema atamuuliza Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa amesafiri Lamu, yuko mtaa wa Mkomani kwa nduguze, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Mimi nilibaki na gunzi mkononi. Mlima sikuwahi kuuona. Kisiwa chetu ni tambarare. Kitu kikubwa kuliko vyote nilivyovijua ni ngome ya Siyu, ile ya mawe iliyosimama kando ya hori la bahari. Basi nikaelewa kwamba kila siku inayopita, thawabu za ukubwa wa ngome zinaondoka kwa Baba kwa ajili ya yule mbwa. Nikaunganisha hilo na lile la Alhamisi. Thawabu za Baba ndizo chakula cha Mama. Sasa kuna anayekila njiani kabla hakijafika.

Nacheka ninapoandika haya, lakini cheko lenyewe halinikai vizuri. Hesabu ya mtoto yule haikuwa na kosa. Kila kipande alipewa na mtu mzima, tena mtu mzima aliyeaminika. Yeye alivipanga tu. Ningeletewa leo na mwanafunzi, ningemtafutia kosa katika misingi, si katika hoja.

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja. Asubuhi chuoni nilisoma aya zangu huku mguu ukicheza, mpaka msaidizi wa Mwalimu akaniuliza kama nimekalia siafu. Tukitoka nilikimbia shamba. Nikifika nilimtafuta kijibwa, na nikimwona furaha ilinipanda na hofu ikaifuata nyuma. Baba aliwalishia mbwa ndani ya gamba kuukuu la kasa, vichwa vya samaki na ukoko wa ugali. Kijibwa alikula kwa pupa, tumbo likivimba kama kibuyu, na kila alipomeza mimi niliiona ngome ikishuka kooni mwake pamoja na minara yake. Nilimwambia ale polepole. Alinilamba kidole, nami nikaenda kusugua mkono kwa udongo huku nikiomboleza.

Nikapata wazo. Ikiwa kosa lake ni kukosa kazi, nitampa kazi. Nikampeleka kwa mbuzi. Mwana-mbuzi mmoja alimpiga kichwa, naye akaja kujificha kati ya miguu yangu. Nikampandisha dungu awatishe kima. Kima mmoja alishuka kwenye mnazi, akakaa umbali wa hatua kumi, akamtazama, akakwanyua bua la mahindi mbele yake na kuondoka bila haraka. Kijibwa alitikisa mkia. Baba, aliyekuwa akiangalia yote kutoka kwenye matuta ya tumbaku, alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona Mama akiinua kifuniko cha sahani tupu.

Kwa nini sikumuuliza Baba? Nimejiuliza hilo zaidi ya lolote jingine. Nadhani niliogopa kwamba nikilitamka litakuwa kweli. Tena ni mimi niliyesema “huyu wetu”. Baba alikuwa akimwacha kwa ajili yangu, kwa ajili ya mkono wangu mkavu juu ya kichwa cheusi. Kama Mama alikuwa akilala na nda, ndivyo tuitavyo njaa kwetu, basi mwenye kumnyima chakula alikuwa mimi.

Wale mbwa wengine nao niliwatazama kama mashahidi. Tumbaku alimngurumia kijibwa kila alipolikaribia gamba, na siku ya sita akambana chini kwa taya, si kwa kumuuma, lakini mdogo alilia. Chokaa alimpuuza. Hayawahusu ndiye aliyenichanganya. Kila alasiri alimsukuma yule mdogo kwa pua, akampeleka mpaka kwenye mwanya wa ua upande wa mikoko, kisha akakaa hapo na kumzuia asirudi. Mdogo akigeuka, mzee alimsukuma tena kuelekea mwanya. Baba aliona hilo akaniambia, “Umeona?” Nikasema nimeona. Nilichoona mimi ni kwamba hata mbwa mwenzake, tena mtu mzima wao, anamwonyesha njia ya kutoka.

Alhamisi ya pili Baba alisoma Yasini kama kawaida. Nilikaa nyuma yake, nikisikiliza sauti yake ikipanda na kushuka, na safari hii nilisikia kama mtu anayetia maji kwenye mtungi uliotoboka. Bibi alikuwa pembeni na tasbihi yake, midomo ikitembea kwa kasi. Asubuhi yake, siku ya kumi na moja, nikaamua.

Njia ya kwenda Faza ilipita pembeni ya shamba letu. Bwana Madi wa Faza alikuwa akija Siyu kununua viatu vya ngozi, akirudi na punda wake mwenye shogi la mizigo pande zote mbili. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akijuana na Baba kwa kutaniana. Nilimngoja njiani nikiwa na kijibwa ndani ya pakacha. Nikamwambia, Baba anakusalimu sana na anakuletea huyu, kwa sababu alisikia mbuzi wako wanaibiwa. Uongo huo ulinitoka umenyooka kama mtu anayesoma. Bwana Madi alishangaa, akafurahi, akamtia kijibwa ndani ya shogi juu ya viatu, akaniambia nimfikishie Baba shukrani. Nilisimama mpaka punda akapotea kwenye mipinda ya njia. Kichwa cheusi kilikuwa kikichungulia nje ya shogi, kikinitazama mimi bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililoniuma: kwamba hakuwa na wasiwasi.

Nilitegemea nafsi itatulia. Haikutulia. Nilikwenda kisimani bila ndoo, nikapanda dungu nikashuka, nikawarushia kima mawe kwa kombeo hata pasipokuwa na kima.

Baba siku hiyo hakuwepo shamba kutwa. Alirudi nyumbani kabla ya Magharibi, akapiga hodi, akaingia na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Mwalimu alikuwa amewasili kwa mashua ya adhuhuri, na Baba alimfuata hadi msikitini. Akamweleza Bibi kwa upole, lakini furaha ilimshinda, maneno yakawa yanapandana. Mwalimu amesema mtoto wa mbwa anayelelewa ili afundishwe kulinda shamba hukumu yake ni ya mbwa wa shamba. Kujifunza kwake ndiyo haja yake. Hakuna aliyepungukiwa na chochote, tangu siku ya kwanza.

Bibi akasema, “Kama ndivyo alivyosema, basi na akae.” Baba akanigeukia akaniambia kesho tutamchagulia jina.

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka kwamba nilisema, “Nimempa Bwana Madi.” Baba akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu hakuwa na kazi. Ilikuwa kweli, lakini nusu yake tu. Nusu ya pili niliibana kwa meno. Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Aliniambia nilale mapema. Vidole vya Bibi vilikuwa vimesimama juu ya ukili, na nilipopita mbele yake kwenda chumbani vilikuwa bado vimesimama.

Baada ya swala ya alfajiri tukashika njia. Baba alitembea kwa hatua zake, nami nikawa nusu natembea nusu nakimbia. Ndia ile, kama tulivyoiita, ilikuwa nyembamba, majani yenye umande yakinipiga magotini. Tulipofika mahali penye mchanga mweupe, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

“Baba, siku zile kumi na moja, Mama alikula nini?”

Baba alisimama. Aliniuliza nasema nini. Nikamweleza yote, ngome, sahani, mtungi uliotoboka, na jinsi Hayawahusu alivyokuwa akimfukuza mdogo kwenye mwanya. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika. Baba akachutama mbele yangu mpaka macho yake yakalingana na yangu. Kwanza akanieleza la Hayawahusu, nadhani kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi: hakuwa akimfukuza, alikuwa akimfundisha mahali pa kukaa. Kisha akasema Mwalimu ameshasema, hakuna kilichopungua.

“Na kama Mwalimu angesema hafai?”

“Ningepungukiwa mimi, si yeye.”

“Una hakika?”

Aliokota kijiti akakivunja, akavunja na nusu yake. Ningeweza kusema leo kwamba mtu mwingine yeyote angenijibu ndiyo, na ningeishi na ndiyo hiyo maisha yangu yote bila kuigusa.

“Naamini hivyo, mwanangu,” akasema. “Lakini kujua, sijui.”

Kisha akainuka, tukaendelea. Sikutulizwa na jibu lile, hapana. Ila nilitembea kando yake badala ya nyuma yake.

Faza tulimkuta Bwana Madi uani kwake akiwapanga mbuzi, kijibwa amefungwa kamba kwenye mpapai, anatafuna kiatu kimoja cha ngozi cha Siyu. Baba akasalimu, wakaulizana habari za nyumbani mara tatu kama ipasavyo, ndipo Baba akasema binti yake alikosea.

“Hakukosea hata kidogo,” Bwana Madi akasema. “Alinitazama machoni akanifikishia salamu zako kwa ufasaha. Mimi ndiye niliyekosea. Nilipaswa kujua. Omari wa Siyu kunitumia kitu bila mimi kukiomba, ungekuwa mwisho wa dunia.”

Baba akacheka kidogo. Bwana Madi akamuuliza ana mbwa watatu, wa nne wa nini, anataka kufungua jeshi? Baba akamweleza habari za mzee wake kiziwi. Bwana Madi akasema basi amlete mzee Faza afundishe huku, atampa godoro. Lakini alipoona sicheki, na kwamba nimeshikilia mkono wa Baba kwa nguvu, akaacha utani. Akaenda kufungua kamba mwenyewe. Alisema tu kwamba kile kiatu kimoja kilichobaki hajui atamuuzia nani, labda amtafute mtu wa mguu mmoja. Baba akavinunua viatu vyote viwili.

Kijibwa nilimbeba njia nzima ya kurudi. Alinilamba shingo, mikono, masikio, na sikujali. Tulimwacha shamba kwa Hayawahusu, nikajisugua kwa udongo na maji mpaka ngozi ikawaka, tukarudi mjini jua likiwa limepanda sana.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha daka, mlangoni. Baba alipita ndani kwenda kuoga. Mimi nikakaa chini karibu na miguu ya Bibi, na kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa umeshajifunza, nikamuuliza na yeye. Mama alikula nini?

Nilidhani atanikataza kusema mambo ya namna hiyo. Bibi aliutazama mkono wake wenye tasbihi kama kitu cha mtu mwingine.

“Hilo ndilo nililokuwa nikijiuliza na mimi,” akasema.

Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ili Baba asisikie, kwamba tangu kijibwa aletwe alikuwa akisoma Kulhuwallahu mara mia kila baada ya swala, na mia nyingine juu yake, ili kufidia kile kinachopotea. Alikuwa hajui kama inatosha. Hakuwa amemuuliza mtu. Mwanamke wa umri wake angeanzaje kumuuliza Mwalimu kama binti yake ana nda kaburini? Akanishika kichwa kwa mkono wake wa ukili, mkono mkavu wenye mikwaruzo, akauacha hapo. Siku zote zile kumi na moja tulilala chumba kimoja, mimi kwenye mkeka na yeye kitandani, kila mmoja akidhani mwenziwe anajua.

Kesho yake Bibi alisema anataka kwenda shamba. Hakuwa amekanyaga huko tangu maziko, kwa kuwa njia hupita makaburini. Tulikwenda watatu. Makaburini alisimama, akasoma, akafuta uso, tukaendelea. Shamba alikataa kupanda dungu. Alisimama mbali, ameshika pindo la buibui lake lisiguse chochote, akatazama upande wa mikoko. Hayawahusu alikuwa amekaa kwenye mwanya wa ua, masikio yake yasiyosikia yamesimama. Kando yake alikaa yule mdogo, mguu mweupe mbele, akitazama kule kule alikotazama mzee.

“Ndiye huyo?” Bibi akauliza. “Mdogo hivi?”

Baba akasema ndiye.

Bibi akauliza nguruwe huja saa ngapi. Baba akamwambia huenda wakaja, huenda wasije, hawana saa. Bibi akafikiri, akaniagiza nikachukue mkeka chini ya dungu. Tukautandika mahali pa kivuli, mbali na mbwa lakini si mbali sana, akakaa na kukunja miguu. Tukangoja hapo mpaka Alasiri, watu watatu na mbwa wanne, na hakuna nguruwe hata mmoja aliyekuja.